Malaria inafuatwa hadi nyumbani, presha je?

Mtu akikutwa na malaria katika kituo cha afya Pemba, taarifa yake haikai daftarini. Hutumwa kwa simu, ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya akapanda pikipiki akaenda hadi kwa mgonjwa, na waliomo nyumbani wakatobolewa vidole wapimwe. Mgonjwa wa presha akikosa kliniki miezi mitatu, aghlabu hakuna anayempigia hodi.

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na sera yake, na tangu Mapinduzi ya 1964 msimamo umekuwa matibabu bila malipo, kwenye vituo vilivyo karibu na watu. Wengi wetu hatuishi zaidi ya kilomita tano kutoka kituo cha afya, na hilo tusilidharau, maana zipo nchi tajiri kuliko sisi ambazo hazijalifikia. Dawa mseto zilikuja 2003, vyandarua vikagawiwa, 2006 nyumba zikaanza kupigwa dawa, na ndani ya miaka michache maambukizi ya malaria yakashuka chini ya asilimia 1.

Ila mfumo huu ulijengwa zama ambazo shida kubwa ilikuwa homa, kuharisha na uzazi. Dozi ya malaria ni siku tatu. Presha na sukari ni kidonge kila siku, maisha yote, na hapo ndipo tunapopwaya. Mchukue mama wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, aliyepewa vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi wa pili anafika dirisha la dawa anaambiwa, "Hamna, kanunue." Bure yake imeishia hapo dirishani. Anapiga hesabu ya nauli ya kwenda mjini Chake Chake na bei ya dawa, kichwa nacho hakimuumi, basi anaacha. Siku atakayofikishwa Hospitali ya Abdalla Mzee mdomo umepinda kwa kiharusi, jirani watasema kapigwa na upepo mbaya.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya 2023 na kuanza na watumishi wa umma, unaweza kuleta fedha za uhakika. Mimi nauunga mkono, lakini mfuko haulipii kidonge ambacho hakimo kabatini. Na mkulima wa mwani hana mshahara wa kukatwa. Mchango wake utapatikanaje ni suali gumu kuliko linavyozungumzwa.

Kilicho rahisi zaidi tunacho tayari. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya hupita majumbani, simu mkononi, kuwaangalia wajawazito na watoto wadogo. Bibi mwenye presha yumo humo humo ndani, kakaa barazani. Wakipewa mashine ya kupimia na orodha ya waliokosa kliniki, watakuwa wanafanya kwa presha kile tunachokifanya kwa malaria.

Kwa wewe unayemeza dawa hizi: usingoje kichwa kiume, na usipunguze dozi ili zifike mwisho wa mwezi. Ukiambiwa dirishani hamna, usiondoke kimya. Mwone daktari dhamana, yaani mkuu wa kituo, omba iandikwe kuwa umeikosa, kisha uliza kituo gani cha jirani kinayo. Oda ya dawa hupangwa kwa kuangalia zilizotumika. Dawa ambayo haikuwepo huonekana kana kwamba haikutakiwa na mtu, na mwezi ujao huletwa kidogo.