Ilikuwa Muda Gani Tangu Alale?

Mtu akiniambia anakabwa na jinamizi, au mwenzake akisema anatembea usingizini, naanza kwa kuuliza: ilikuwa muda gani tangu alale? Ubongo hauamki wote kwa mpigo, na jibu hilo hunionyesha sehemu ipi imetangulia na ipi imebaki nyuma.

Likitokea katika theluthi ya kwanza ya usiku, nashuku usingizi mzito. Sehemu zinazoendesha miguu zimeamka, zile za kupima mambo na kutunza kumbukumbu zimelala bado. Ndiyo maana mtoto hufungua mlango macho makavu, na asubuhi hakumbuki lolote. Msimtikise, mrudisheni kitandani polepole. Akitembea karibu kila usiku saa ileile, mwamsheni kidogo dakika 15 hadi 30 kabla yake, kwa wiki 2 hadi 4. Homa, uchovu wa kukosa usingizi na dawa za usingizi kama zolpidemu huchochea hali hii.

Kuelekea alfajiri ndoto ndizo zinazotawala. Uotapo, shina la ubongo hulegeza karibu misuli yote, isipokuwa ya macho na kiwambo kinachovuta pumzi. Anayekabwa amerudiwa na fahamu kabla ulegevu haujaondoka, na mabaki ya ndoto yanaingia chumbani anachokiona. Kifua huhisi kimekandamizwa kwa kuwa misuli ya mbavu imelegea, lakini hewa inaingia. Hukoma yenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Usipambane na mwili mzima: pumua taratibu, jaribu kuchezesha kidole kimoja. Epuka kulala chali, na lala saa zilezile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: ulegevu hauji, na mtu anarusha ngumi akiigiza ndoto. Madaktari Schenck na Mahowald waliueleza ugonjwa huu mwaka 1986 huko Minnesota, Marekani. Kwa mwenye miaka zaidi ya 50, unaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwa miaka mingi, basi asikose kumwona daktari wa mishipa ya fahamu. Wakati huo ondoeni vitu vyenye ncha, shusheni godoro, mwenzake alale kwingine. Baadhi ya dawa za sonona huuleta pia, ila usiziache bila daktari.

Na anayelegea magoti mchana akicheka, huku fahamu anazo? Hiyo inaelekea narkolepsi, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana: seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayotuweka macho, zimepotea. Kipimo ni usiku mmoja maabara, kisha vipindi vya kusinzia mchana. Wastani wa kusinzia ndani ya dakika 8, na usingizi wa ndoto kuanza mapema mara 2 au zaidi, huthibitisha. Wiki 2 kabla yake andika saa zako za kulala, maana upungufu wa usingizi huharibu majibu.