Kubuti si kuwaka, na kutobuti si kufutika

Wiki iliyopita, kwenye banda la fundi mmoja pale Majengo, hapa Dodoma, nilikuta laptopu mezani imebandikwa solatepu ya karatasi juu ya mfuniko. Imeandikwa kwa herufi kubwa: WINDOWS IMEFUTIKA. IPIGWE UPYA. Mwenye laptopu, kijana wa chuo, alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, macho mekundu ya kukesha. Usiku aliweka Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kando ya Windows, kazi ikaisha, akaambiwa awashe upya. Akawasha. Tangu hapo inaingia Ubuntu moja kwa moja, Windows haionekani hata jina.

"Imeliwa, kaka," akaniambia. "Na utafiti wangu wote umo humo."

Fundi alishachomeka flashi, yuko tayari kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Nikamwomba asubiri kidogo. Maneno hayo ya "imefutika" na "imeliwa" nimeyasikia mara nyingi mno mjini hapa, na karibu kila mara anayeyasema anakuwa na Windows nzima, mafaili yote, haijaguswa. Isipokuwa haibuti. Hilo ni neno lingine kabisa.

Kubuti ni ile kazi inayofanyika kuanzia unapobonyeza kitufe hadi mfumo endeshi unaposhika usukani. Programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaamka, inatafuta nani wa kuitwa, inampakia kutoka kwenye diski hadi kwenye kumbukumbu, kisha inamwachia kazi. Basi, ndiyo maana yake.

Linalotupotosha ni neno lenyewe, maana tumelipokea wakati buti tunalo tayari. Tunalo la mguuni. Tunalo la gari, lile unalotia makasha ya zabibu ukisafiri kwenda Dar. Tuna kibuti pia, ambacho mtu hupigwa na mpenzi wake. Shangazi yangu aliniuliza siku moja, kwa dhati kabisa, buti la kompyuta linafunguliwa upande gani. Sikucheka, kwa sababu swali lake lina mantiki kuliko majibu ya wengi: alidhani ni mahali pa kuwekea vitu.

Asili yake ni kitanzi. Mabuti ya zamani yalishonewa vitanzi vya ngozi juu, kwa Kiingereza bootstrap, vya kushika unapovuta kiatu kiingie mguuni. Waingereza na Wamarekani wakawa na msemo wa mtu anayejinyanyua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake mwenyewe. Siku hizi wanautumia kumsifu aliyejitegemea, lakini mwanzoni ulikuwa dhihaka: jambo lisilowezekana. Jaribu ukiwa umesimama, uone kama utapaa.

Miaka ya 1950 watu wa kompyuta wakajiona wamo humo humo. Ili kompyuta ipakie programu, inahitaji programu ya kupakia. Hiyo nayo nani ataipakia? Jibu likawa kuanza na kijiprogramu kidogo mno, maagizo machache tu, yenye akili ya kuleta programu kubwa kidogo, nayo ilete kubwa zaidi. Altair 8800, iliyotoka mwaka 1975, ilikuwa na swichi usoni; mwenyewe anazipandisha na kuzishusha moja moja hadi maagizo yale ya mwanzo yaingie. Ukizima, yamepotea. Kesho unaanza tena, vidole vikiuma. Baadaye maagizo hayo yakachomwa kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika, na jina refu la kitanzi likafupishwa likabaki buti.

Kwa hiyo ndani ya neno hili kuna mnyororo: mdogo anamwita mkubwa wake. Mnyororo unaweza kukatika kiungo chochote, na mzigo wa mwisho ukabaki salama pale ulipo.

Kuwaka ni habari nyingine. Kuwaka ni moto, ni taa, ni umeme umefika. Laptopu inayovumisha feni na kuonyesha nembo ya kiwanda imewaka, hata kama itasimama hapo hadi jioni. Jirani yangu mmoja wa Nkuhungu alimpigia fundi simu akasema "haiwaki". Fundi, kwa haki kabisa, akamwambia anunue chaja. Amenunua, amechomeka, hali ile ile. Nilipofika nikakuta skrini nyeusi imeandikwa grub> na kialama kinapepesa. Ilikuwa inawaka vizuri sana. Kijana wake alikuwa ameingia Windows akaifuta patisheni ya Linux, yaani kipande chake cha diski, ili apate nafasi, bila kujua kwamba GRUB huacha kipande kidogo upande mmoja na sehemu yake kubwa hukaa humo humo ndani ya Linux. Kipande kikaamka, kikatafuta mwili wake, hakikuuona.

GRUB ndiyo ile programu inayokuja na Linux ya kuchagua nani aitwe. Ilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na jina lake refu, Grand Unified Bootloader, linawatania wanafizikia na nadharia yao kuu ya muungano. Mimi huifananisha na mpiga debe wa stendi ya daladala. Yeye si gari, wala hana gari. Kazi yake kukusukumia kwenye gari. Ukifika Sabasaba ukamkuta anaita "Ihumwa, Ihumwa" peke yake, huwezi kwenda nyumbani ukatangaza kwamba magari ya Nkuhungu yameuzwa vyuma chakavu.

Hata hivyo sitaki kuwaonea wanaosema "Linux inakula", kwa sababu uvumi huo una mzizi. Kwenye mashine za zamani, zile ambazo programu yake ya mazabodi ni BIOS, kulikuwa na kibanda kimoja tu cha mpiga debe: baiti 512 mwanzoni mwa diski, na nafasi ya maagizo humo ni baiti 446. Wawili hawaenei. Aliyewekwa mwisho alimfukuza wa kwanza, kweli. Ila alikula kibanda. Windows yenyewe ilikuwa mbele huko kwenye patisheni yake, imetulia.

Laptopu nyingi zilizotoka ndani ya miaka kumi na zaidi iliyopita zinatumia UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, na hapo hata kibanda hakigombewi. Kuna patisheni ndogo ya FAT32 yenye folda za kila mmoja: folda ya Microsoft hapa, ya ubuntu pale, jirani kwa jirani. Mazabodi nayo inatunza orodha ya majina, nani aitwe kwanza. Ukiweka Ubuntu, inaongeza folda yake na kuandika jina lake juu ya orodha. Hicho ndicho kilichomfanya yule kijana akeshe: jina la Windows limeshuka nafasi moja.

Nikamwambia azime, awashe, agonge F9 mfululizo, maana ilikuwa HP. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Orodha ikatokea, mistari miwili: ubuntu, na chini yake Windows Boot Manager. Akashuka wa pili, Enter. Vidoti vikazunguka, ikaja picha yake ya nyuma, na faili la utafiti liko kwenye desktopu pale alipoliacha. Hakusema kitu. Alilifungua, akashuka hadi ukurasa wa mwisho, akalifunga, akalinakili kwenye flashi ya fundi.

Huenda yako isifunguke kirahisi hivyo. BitLocker, kufuli la Windows la kufungia diski, ikiwa imewashwa, inaweza kuona mpangilio wa kubuti umebadilika ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Mtu akiona skrini ile ya buluu anasema tena imefutika. Hapana, kufuli limeshtuka. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Kinachobaki ni GRUB yenyewe kutoitaja Windows. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, kwa sababu za usalama, iliacha kutafuta mifumo mingine mpaka uiruhusu. Unafungua /etc/default/grub, unaweka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, unahifadhi, kisha kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika sudo update-grub. Ikiiona Windows itaitaja hapo hapo kwenye terminali. Isipoiona, angalia kama Linux iliwekwa kwa njia ya BIOS ya zamani wakati Windows ni ya UEFI. Hao wawili hawapokezani, na hapo ni heri kuweka Linux upya kwa njia sahihi. Linux upya, si Windows.

Upande wa pili nao wana kilio chao, kwamba Windows ikijisasisha "inafuta Linux". Mara nyingi imepandisha jina lake tu. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilifanya baadhi ya mashine zenye mifumo yote miwili zikatae kubuti Linux kabisa, zikitoa ujumbe wa SBAT, ukaguzi wa usalama wakati wa kubuti. Hata hapo mafaili hayakuguswa, cheti cha mlangoni ndicho kilichokataliwa.

Na ile ya saa, kwa kuwa nipo hapa. Ukitoka Linux ukaingia Windows ukakuta ni saa kumi na mbili asubuhi wakati nje jua la Dodoma limeshawaka na ni saa tatu, usikimbilie kununua betri ya mazabodi. Linux hutunza saa ya ndani kwa majira ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu kamili. Betri haina kosa.

Kufutika kupo, nisiwadanganye. Kwenye kuweka Ubuntu kuna chaguo la kufuta diski nzima, na aliyelibonyeza amefuta kweli. Kujua ni rahisi: ukiwa ndani ya Ubuntu andika lsblk -f. Ukiona patisheni kubwa ya ntfs, aina inayotumiwa na Windows, au iliyoandikwa BitLocker, haijafutwa. Fanya hivyo kabla hujampelekea mtu akupigie windo, maana huko kupiga ndiko kunakofuta.

Kabla sijaondoka nikaomba kalamu. Nikakata neno IMEFUTIKA kwenye solatepu, juu yake nikaandika HAIBUTI, nikamwonyesha fundi. Akaisoma taratibu, akaitazama laptopu iliyokuwa wazi mbele yetu.

"Mbona sasa hivi inabuti, mkubwa," akasema, akaibandua.