Kuozesha kinyesi cha kuku kwa vijidudu: maana yake

Ingia alfajiri kwenye banda la kuku wa nyama lililofungwa usiku kucha: macho yanawasha na koo linakwangua. Hiyo ni amonia. Tazama kinyesi cha kuku kwa karibu, utaona weupe kama chokaa juu yake. Huo ndio mkojo wake, asidi ya yuriki, maana kuku hakojoi maji kama mbuzi. Bakteria waliomo kwenye matandiko huigeuza kuwa yurea, kisha amonia, ikapaa. Inayopotea hapo ni naitrojeni, mbolea ambayo mfugaji ameilipia kwenye chakula cha kuku.

Kuozesha kwa vijidudu ni kuwapa bakteria na kuvu hali nzuri ya kukila kinyesi hicho, ili naitrojeni ibaki kwenye miili yao, na hatimaye kwenye mboji. Vijidudu vyenyewe vimo tayari. Kinachokosekana ni kaboni: kinyesi cha kuku kina kama sehemu 10 tu za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, na rundo huoza vizuri likiwa na 25 hadi 30. Ndiyo maana tunachanganya maranda, pumba za mpunga au majani makavu.

Halafu maji. Chota konzi moja ya mchanganyiko uikamue. Ikichuruzika, hewa haipiti, na bakteria wanaoishi bila hewa watatawala; utawajua kwa harufu ya yai viza. Ikitawanyika kama vumbi, nyunyiza maji. Inapaswa kushikana na kuacha kiganja na unyevu tu.

Mchanganyiko ukikaa sawa, baada ya siku chache chomeka nondo katikati ya rundo, kisha ichomoe: hutaweza kuing'ang'ania. Joto likifika nyuzi 55 hadi 65 na kudumu siku kadhaa, linaua Salmonella, bakteria wa kuharisha, na mbegu nyingi za magugu. Lakini pembeni rundo ni la baridi, kwa hiyo ligeuze, ya nje iingie ndani. Ukigeuza utakuta utando mweupe kama majivu. Usiogope, hao ni aktinomaisiti, bakteria wanaoota kama nyuzi, wakila maranda. Manyoya huchelewa kuliko vyote kwa sababu ya keratini, protini yao ngumu, ingawa wapo bakteria wanaoiweza, kama Bacillus licheniformis.

Madukani kuna EM (Effective Microorganisms), mchanganyiko wa bakteria wa asidi ya laktiki, hamira na bakteria wa usanisinuru, uliobuniwa na Profesa Teruo Higa huko Okinawa, Japani. Huamshwa kwa molasi na maji. Sikatazi kuitumia, lakini mwenye pesa ya kitu kimoja anunue maranda kwanza. Rundo lenye maji mengi lisilo na kaboni haliokolewi na chupa.

Mboji iliyoiva haipati joto tena ukiigeuza, na hunukia udongo wa mvua za kwanza. Ukiwa na shaka, ichanganye na udongo kwenye kopo, upande mchicha. Miche ikiungua ncha, irudishe mboji kwenye rundo.