Hata stima ikiwa ya bure, usichimbe coin na laptopu

Kijana mmoja wa chuo ameniletea laptopu juzi hapa Kisumu, ati tachipadi imeanza kuinuka na kifuniko hakifungi. Nikaigeuza, nikatoa skrubu, kumbe betri imefura kama mandazi mpaka inasukuma kibodi kutoka chini. Feni imeziba na vumbi iliyoshikana kama blanketi, ukiivuta inatoka kipande kizima, na pesti ya kupoza prosesa imekauka, naikwaruza inatoka unga kama chaki. Kumuuliza, anasema inachimba Monero, moja ya hizi sarafu za kidijitali kama Bitcoin, kila usiku miezi minne sasa, tena juu ya godoro. Umepata ngapi? Bado haijafika kiwango cha kutoa. Nikamwambia aache, akanijibu ile kitu nimeisikia mwaka huu mpaka masikio yanauma: "Lakini fundi, stima ya hosteli si mimi nalipa."

Wacha niandike mara moja, mwingine akija nimtumie hii asome.

Kuchimba ni kompyuta kubahatisha jibu la hesabu bila kuacha. Kila jaribio ni hashi, na anayepata jibu anaongeza bloku, yaani ukurasa mpya wa miamala, na analipwa coin mpya. Bitcoin tumalizane nayo haraka. 2009 Satoshi Nakamoto akianzisha, kompyuta ya kawaida ilitosha na bloku moja ililipa coin 50. Baadaye watu wakahamia kadi za picha, halafu 2013 zikaingia ASIC, mashine ambazo hazijui kazi nyingine ila hiyo moja. Malipo yamekatwa nusu mara nne, tangu Aprili 2024 ni 3.125. Antminer S21 moja inapiga hashi trilioni 200 kwa sekunde. Laptopu yako nikiipa milioni 50 nimekuwa mkarimu sana, kwa hivyo kufikia mashine moja tu unahitaji laptopu milioni nne. Ukichimba peke yako, mtandao ukiwa na eksahashi 600 kwa sekunde (hashi trilioni mara milioni 600) vile ulifika 2024, bloku moja kwa wastani ni miaka zaidi ya milioni 200. Na usiseme mtakuwa wengi, kwa sababu kila bloku 2,016 mtandao unapima ugumu upya ndio bloku ziendelee kutoka kila dakika kumi. Wachimbaji wakiongezeka coin haziongezeki, mnagawana zile zile. Ethereum nayo ilifunga uchimbaji kabisa Septemba 2022, anayekuuzia kozi ya kuichimba leo anakula pesa yako.

Sasa Monero, na hapa vijana wako na hoja kidogo, sikatai. Tangu Novemba 2019 inatumia RandomX, aina ya hesabu ya kuchimba, na hiyo ilitengenezwa makusudi ifae prosesa za kawaida ndio wenye ASIC wasimeze kila kitu. Kwa hivyo ni kweli laptopu inachimba, na coin inaingia kweli. Shida ni kiasi. Bloku inatoka kila dakika mbili na inalipa 0.6, hiyo ni coin 432 kwa siku kwa dunia nzima. Core i5 ya mtumba, zile nyingi tunazotengeneza hapa, ikikaza sana ni hashi 2,000 kwa sekunde. Weka mtandao kwa hashi bilioni 3 kwa sekunde na bei dola 160, kama ilivyokuwa 2024, dola moja shilingi 129, unapata kama shilingi sita kwa siku. Kwa siku nzima, masaa 24. Laptopu ikivuta wati 40 imekula karibu yuniti moja ya stima, na yuniti kwangu ukiweka na makodi inanifikia kama shilingi 25. Unatoa 25 unapata 6. Kuna puli, vikundi vya wachimbaji wanaogawana malipo, hazikulipi mpaka ufikishe coin 0.1, na kwa mwendo huo ni karibu mwaka mzima.

Haya, stima ni ya bure. Hapa ndipo watu hawanisikii. Mafuta ya hii kazi si stima peke yake, ni laptopu yenyewe unaichoma pole pole. Umenunua 30,000, inakurudishia sita kwa siku, itachukua zaidi ya miaka 13 kurudisha bei yake na stima yote uwe umepewa. Feni gani inazunguka bila kupumzika miaka 13? Na hewa ya Kisumu mchana imeshafika nyuzi 30 kabla laptopu haijaivuta, ukiiweka kwa godoro umeziba hata hiyo kidogo ya kuingilia chini.

Nikuwe mkweli, siwezi kuapa kwamba kila betri iliyofura ni ya uchimbaji. Chaja feki zinafurisha, uzee unafurisha, na kuna watu wanacheza gemu nyuzi 90 miaka mitano na mashine bado inadunda. Mimi naona zilizoharibika tu, nzima haziji kwa fundi. Na bei ikipanda mara kumi hiyo hesabu ya stima inageuka, hilo nakubali. Lakini omera, kama unaamini itapanda, si ununue coin na hiyo 25 ya tokeni za stima? Utapata mara nne ya ile ungechimba na laptopu iko kwa begi imelala.

Anayefaidika na laptopu yako ni yule ambaye stima si yake na mashine pia si yake. Hao wapo. Naletewa mashine feni inalia hata hujafungua kitu, naangalia Task Manager, pale Windows inaonyesha programu zinazokula prosesa, nakuta prosesa iko asilimia 90 na kuna XMRig, programu ya kuchimba Monero, imejificha kwa jina la ajabu, imeingia na programu ya kuvunjwa leseni iliyotoka kwa flashi ya rafiki. Huyo mwizi hiyo sita yako ni faida tupu, na ako na maelfu ya wengine kama wewe. Kwa hivyo ukisikia feni inalia usiku na hukuwasha kitu, angalia hapo kwanza kabla hujaniletea.

Betri ya yule kijana nimeitoa polepole bila kuitoboa, iko nje kwa ndoo ya mchanga mbali na ukuta, na nyinyi ikifura msiibonyeze irudi wala msiichaji. Mpya ni 3,500. Kwa shilingi sita ni siku 583 za kuchimba, nimemwandikia hiyo namba nyuma ya risiti.