Sh720,720: nambari isiyogombanisha chama

Chukua chama cha akina mama wanaouza omena Kibuye, hapa Kisumu. Tuseme Desemba imefika na kwenye sanduku mna sh720,720. Wakiwa kumi na watatu, kila mmoja anabeba 55,440. Wakiwa kumi na mmoja, 65,520. Kumi na sita, 45,045. Kuanzia mtu mmoja hadi kumi na sita, pesa zinagawika zote bila hata shilingi ya kugombania, na hakuna nambari ndogo kuliko hiyo inayoiweza kazi hii. Akijiunga wa kumi na saba ndipo mambo yanaharibika: kila mmoja 42,395, na shilingi 5 zinabaki mezani zikitazamwa. Halafu anakuja wa kumi na nane na mambo yanatengemaa tena: 40,040 kila mtu.

Katika idara yetu ya hisabati tunapenda kuanzia hapo, kwa sababu swali linajileta lenyewe: mbona 18 ikubali na 17 ikatae? Jibu limo katika nambari tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukiichambua 720,720 unakuta 2 mara nne, 3 mara mbili, kisha 5, 7, 11 na 13 mara moja moja, zote zimezidishwa pamoja. 17 ni tasa na haimo. 18 ni 2 × 3 × 3, na hizo zimo tayari.

Vigawo vya 720,720, yaani nambari zinazoigawa bila kubakiza, ni vingapi? Usihangaike kuviorodhesha: kila kigawo hutokana na kuchagua kati ya nambari tasa hizo na kuzizidisha. Ile 2 una njia tano za kuichukua (uiache, au uichukue mara moja hadi nne), 3 njia tatu, na hizo nne nyingine njia mbili mbili. Zidisha: 240. Hakuna nambari iliyo chini yake yenye vigawo vingi hivyo. 665,280 inajitahidi, inaishia 224. Nambari za jinsi hii, zinazozipita zote zilizotangulia kwa vigawo, Ramanujan wa India aliziandikia makala ndefu mwaka wa 1915. Na ukijumlisha vigawo hivyo, ukiiacha yenyewe, unapata 2,529,072, zaidi ya mara tatu yake.

Wengine wakiiona hudhani ni mwanzo wa nambari ya simu. Huko kujirudia kwa 720 kuna maana. Tarakimu tatu zozote ukiziandika mara mbili mfululizo, umezizidisha kwa 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Jaribu 254, msimbo wetu wa simu wa Kenya, mara mbili, 254254: kwa 7 unapata 36,322, kwa 11 unapata 23,114, kwa 13 unapata 19,558.

Jirani yake, 720,721, aliwahi kuniaibisha. Igawe kwa 2, kwa 3, mpaka kwa 16: kila mara inabaki 1. Nikawaambia wanafunzi, kwa sauti ya mwalimu kabisa, kwamba hiyo bila shaka ni tasa. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, kikokotoo bado kikiwaka: “Mwalimu, 71 mara 10,151.”