Oksidativu stresi: kipimo kipi cha maana na kipi biashara tu

Hii ndo stresi ya maisha?
Hapana, ya madeni na mapenzi ni nyingine. Mwili ukichoma chakula upate nguvu unatoa na moshi, vijichembe vinaitwa radikali huru, vinakwangua mafuta ya ukuta wa seli, protini, mpaka DNA. Antioksidanti ndo zinauzima, sasa moshi ukizidi wazimaji ndo tunasema oksidativu stresi. Sigara inaongeza, kisukari kisichotulia nacho kinaongeza.

Jirani kashikishwa kachuma ka mashine, dakika moja kaambiwa radikali ziko juu. Kweli?
Kachuma hakaoni radikali bana. Nyingi haziishi hata sekunde, kwa hiyo maabara wanatafuta majivu yake, yaani mabaki ya vilivyokwanguliwa, kama malondialdehaidi kwenye damu, au isoprosteni na 8-OHdG kwenye mkojo, na hivyo ni vipimo vya watafiti zaidi, sio vya kukuandikia dawa. Halafu jiulize, aliyempima si ndo huyohuyo aliyemuuzia makopo?

Si nimeze tu vidonge vya antioksidanti?
Finland walijaribu kwa wanaume zaidi ya 29,000 wanaovuta sigara, majibu yakatoka 1994, waliopewa beta karotini, moja ya hizo antioksidanti, wakapata kansa ya mapafu kwa wingi kuliko wasiopewa. Kula mchicha na embe lako, inatosha.

Kwa hiyo hakuna kipimo cha maana?
Kipo, G6PD, na watu hawakiulizii. Ni kimeng'enya kinachokinga seli nyekundu za damu na hiyo stresi. Waliozaliwa nacho kidogo ni wengi huku kwetu kwenye malaria, hasa wanaume wanaathirika, na mtu anaweza kukaa miaka hajui. Siku akimeza dapsoni (dawa ya ukoma), au primakwini (dawa ya malaria) ya kumeza siku nyingi, seli zinapasuka, macho ya njano, mkojo unatoka rangi ya Coca-Cola. Hapo ni hospitali, sio kusubiri kesho.

Kinapimwaje?
Damu kidogo tu. Ila kuna mtego, ukipima siku zilezile damu imepasuka unaweza kuambiwa uko sawa, kumbe seli kuukuu zenye upungufu zimeshakufa, zimebaki changa ambazo kimeng'enya chake bado kingi. Rudia baada ya kama miezi 3, na katikati hapo kila anayekuandikia dawa mwambie kwanza habari ya ule mkojo.