Kuvua Aina Ishara Hakufuti Alama ya Kutoa

Juzi, hapa Kisumu, nililetewa kwa mara nyingine tena programu ya kupima baridi ya friji ya samaki, ambayo mwandishi wake alikuwa ameibadili aina ya namba kwa make_unsigned, chombo cha lugha ya C++ kinachotoa aina isiyo na ishara, yaani isiyobeba namba hasi, akitumaini kwamba -5 ingegeuka 5. Anayetaka umbali kutoka sifuri na atumie abs, inayoondoa alama ya kutoa, kisha aniache ninywe chai yangu.

Chombo hiki, kilichokuja na C++11 (toleo la 2011), huulizwa aina na hujibu kwa aina: ukikipa int8_t (biti 8, yenye ishara) kinakurudishia uint8_t (biti 8, isiyo na ishara), ukikipa bool (aina ya kweli au uongo) kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, inakataa, na kazi yake yote inakwisha kabla programu haijaanza kuendeshwa. Thamani hakijawahi kuiona. Inayoigusa thamani ni static_cast, amri ya kuigeuza thamani kuwa ya aina nyingine, nayo ikienda uint8_t huizungusha kwa 256, hivi kwamba -5 inakuwa 251. Lakini -5 hiyohiyo ukiipeleka moja kwa moja kwenye uint32_t, inakuwa 4294967291, kwa sababu sasa mzunguko ni wa biti 32. Ukipitia uint8_t kwanza, unafika uint32_t ukiwa bado na 251. Hiyo ndiyo faida ya make_unsigned ndani ya templeti, yaani msimbo mmoja unaotumika kwa aina nyingi: upana wa aina haubadiliki, hata kama hujui utapewa aina gani.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaokwisha kupata uint16_t na kujiona wamevuka mto. Kwenye mashine ambayo int, aina ya kawaida ya namba kamili, ina biti 32, uint16_t mbili zinapozidishwa hupandishwa kwanza kuwa int, aina yenye ishara. 65535 mara 65535 ni 4294836225, na int inakomea 2147483647, kwa hiyo kompaila haina tena wajibu wowote kwako, ingawa hukuandika aina yenye ishara popote. Mimi huanza na 1u, yaani 1 isiyo na ishara, ili uzidishaji wote uwe bila ishara: 1u * a * b, na sura yake hainipendezi hata kidogo. Nakiri kwamba niliwahi kuuacha mtego huu katika kazi yangu mwenyewe, na majaribio yote yakapita.

Kulinganisha ni rahisi zaidi: -1 < 1u hutoa jibu la uongo, kwa sababu -1 nayo huvuliwa ishara kwanza, basi tumia cmp_less ya C++20, inayolinganisha thamani zenyewe.

Nisilo na uhakika nalo ni kama size, inayohesabu vitu vilivyomo katika orodha, ilistahili kurudisha aina isiyo na ishara tangu mwanzo. C++20 ilituongezea ssize, yenye ishara, nami huitumia Jumatatu na kuiacha Alhamisi.